Nimeona bastola onlaini, nipo Houston na grinkadi: transfa kwa dila inaendaje?

Mwana_Kigoma

Habari za wakati huu wakuu. Nipo Houston, Texas, nina grinkadi, uraia sijaomba bado. Kazi yangu naendesha lori masafa marefu, kwahiyo wakati mwingine naondoka wiki nzima mke na watoto wanabaki peke yao, na huu mtaa wetu tangu mwaka jana watu wameanza kuvunjiwa, jirani yangu wa nyumba ya tatu waliingia kwake mchana kweupe. Tumekaa na mama watoto tumeongea tumekubaliana tuwe na bastola ndani ya nyumba, na yeye aende darasani afundishwe kuitumia.

Sasa maduka ya karibu bei zao zimepanda, ila onlaini kwenye GunBroker, mtandao wa kuuziana silaha, nimeona Glock 19 iliyotumika kidogo, mwenye nayo yupo Tennessee, na hata ukijumlisha gharama ya kusafirisha bado iko chini kuliko hapa. Kwenye tangazo kaandika inatumwa kwa dila (muuza silaha) mwenye leseni tu, haitumwi nyumbani kwa mtu. Hapo ndo nimekwama. Huyo dila namtafuta mimi au anamtafuta yeye? Hela namlipa nani? Na sisi wa grinkadi sheria inaturuhusu kweli au nitafika kaunta wanirudishe? Leseni yangu ya udereva bado ina anwani ya apatimenti tuliyohama, sijui nayo ni tatizo. Afu kuna binamu yangu ni raia, ananiambia nisijisumbue, nimpe hela yeye ainunue kwa jina lake afu siku hiyohiyo anikabidhi, si ni familia. Mwenye kujua anisaidie, sitaki kubahatisha kwenye jambo kama hili.

Kaunta_FortWorth

Mkuu Mwana_Kigoma karibu, mimi nafanya kazi kwenye duka la silaha huku Fort Worth na karibu kila siku napokea vifurushi vya aina hiyo unayouliza, kwahiyo ngoja nikueleze inavyokwenda toka mwanzo.

Kwanza kwa nini haiji mlangoni kwako. Toka sheria ya silaha ya mwaka 1968 mtu wa kawaida haruhusiwi kumuuzia moja kwa moja mtu wa jimbo lingine, lazima silaha ipite kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu, hiyo leseni ndo watu wanaiita FFL na inatolewa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Na kwa bastola lazima uipokee kwa dila wa jimbo unaloishi wewe, huwezi kusema utapita nayo Tennessee na lori lako uichukue kwa mwenyewe, hapana. Bunduki ndefu kama raifo na shotgani zina nafuu kidogo, unaweza kununua kwa dila wa jimbo lingine ukiwa pale pale dukani kama majimbo yote mawili yanaruhusu, ila bastola ni nyumbani kwako tu.

Dila unamtafuta wewe. Na mtafute KABLA hujalipa, hili watu hawalisikii. Mpigie simu muulize mambo matatu manne: je anapokea transfa, je anapokea kutoka kwa mtu binafsi au anapokea tu kutoka kwa dila mwenzie (wapo wengi hawataki kifurushi cha mtu binafsi), anachaji shilingi ngapi, na ikikaa dukani kwake muda mrefu anaanza kuhesabu hela ya kuihifadhi lini. Chaji ya transfa kila duka na lake, wengi utakuta ni dola 20 mpaka 50, wengine wanapandisha zaidi hasa wale ambao hawapendi uwe umenunua kwingine, na hapo ile nafuu yako ya onlaini inaweza kuyeyuka yote. Piga hesabu kwanza: bei ya bastola, usafiri, chaji ya dila. Ikibaki tofauti ya dola kumi na tano mimi ningenunua hapo hapo dukani nikaishika mkononi.

Mkikubaliana, dila anamtumia muuzaji nakala ya leseni yake. Hela ya bastola unamlipa muuzaji kwa njia inayokubaliwa na mtandao wenyewe, hela ya transfa unamlipa dila siku ya kuchukua. Muuzaji akishaona leseni ndo anatuma. Kifurushi kikifika dila anakifungua, anaandika kwenye daftari lake aina, modeli, siriali namba na imetoka kwa nani, afu anakupigia. Mpaka hapo bastola sio yako bado hata kama umeshalipa yote.

Siku ya kwenda unajaza fomu inaitwa 4473. Unajaza mwenyewe, pale pale dukani, kwa mkono wako. Afu sisi tunapiga kwa FBI, kuna kituo chao West Virginia kinachofanya hiyo kazi toka mwaka 1998, wanaangalia rekodi zako na jibu linakuja mara nyingi ndani ya dakika chache. Jibu ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au hapana.

Grinkadi inaruhusu, ondoa wasiwasi. Beba grinkadi yenyewe kwasababu kuna sehemu unaandika namba yako ya uhamiaji. Zamani kulikuwa na sharti la kuthibitisha umekaa jimboni siku 90, hilo lilishaondolewa 2012, ila bado utakuta kaunta nyingine mtu mzee anakumbuka ya zamani anakuomba bili za umeme za miezi mitatu, usigombane nae, mwombe kwa heshima apige simu ATF kuuliza.

Anwani NI tatizo. Kitambulisho lazima kioneshe unapoishi sasa hivi. Dawa yake ipo: unaweza kuongeza karatasi nyingine iliyotolewa na serikali yenye anwani mpya, mfano usajili wa gari. Bili ya maji sio karatasi ya serikali kwa maana hiyo wanayoitaka kwahiyo usiitegemee. Lakini kwa Texas kubadili anwani unafanya DPS, ofisi ya jimbo inayotoa leseni za udereva, mimi nakushauri badili tu leseni kabla hujaagiza, utakuwa umemaliza.

Ya binamu nakuja kuandika peke yake maana hiyo ndo imenifanya nijibu hii mada. Nipo kazini, jioni narudi.

Atieno_MN

Habari wadau, mimi niko Brooklyn Park, Minnesota. Naongeza tu kwa wale watasoma hii wakadhani kila mahali ni kama Texas. Huku kwetu bastola huwezi kuipokea kwa dila bila kibali cha kununulia au kile cha kubebea. Kibali cha kununulia unakiomba kwa polisi wa mji wako au kwa sherifu, ni bure, wana mpaka siku 30 kukujibu na kikitoka kinafanya kazi mwaka mmoja. Sasa kuna watu wananunua kwanza onlaini, kifurushi kinafika dukani, ndio wanaanza kuomba kibali, na dila anahesabu hela yake ya kuhifadhi kila siku. Anza na kibali, halafu ndio utafute bunduki.

Illinois lazima uwe na kadi ya FOID, kadi ya jimbo ya kumiliki silaha, na baada ya kununua unangoja masaa 72. California unangoja siku 10, toka Julai 2024 kuna kodi ya ziada ya asilimia 11, na bastola nyingi za kisasa haziko kwenye orodha yao ya zinazoruhusiwa kuuzwa kwa hivyo dila wa huko hata hakubali kuipokea. New Jersey nayo ina vibali vyake na magazini mwisho risasi 10. Glock 19 kawaida inakuja na magazini ya risasi 15, kwa hivyo mtu wa New Jersey akiagiza bila kusoma itamkwama. Kila mtu aangalie jimbo lake jameni, sheria ya serikali kuu ni sakafu tu, juu yake kila jimbo limejenga chumba chake.

Mwana_Kigoma

Asanteni sana, kaka Kaunta umenifungua macho, dada Atieno na wewe shukrani. Leseni naibadili leo leo. Nasubiri hiyo ya binamu maana yeye kashikilia kuwa haina shida, na mimi kwa kweli nilikuwa naona ni njia fupi.

Kaunta_FortWorth

Nimerudi. Someni hii taratibu, hasa nyie ndugu zangu wa Tanzania, Kenya, Kongo na kwingine mnaoishi huku kwa kusaidiana, maana kusaidiana kwetu ndo kunakotuingiza shimoni kwenye hii fomu.

Mwambie binamu yako hapana. Swali la juu kabisa kwenye yale ya ndiyo na hapana linauliza hivi, je wewe ndie mnunuzi halisi wa silaha hii. Binamu akiweka ndiyo wakati hela ni yako na bastola ni yako, ameshadanganya serikali kuu kwa maandishi na saini yake. Na usifikiri kwamba kwa vile wewe mwenyewe unaruhusiwa kumiliki basi hakuna ubaya. Kuna kesi ilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, Abramski dhidi ya Marekani, hukumu yake ilitoka 2014. Huyu bwana alikuwa polisi zamani huko Virginia. Mjomba wake yupo Pennsylvania alitaka Glock 19, hiyo hiyo unayoitaka wewe, jamaa kwa sababu ya upolisi wake wa zamani alikuwa anapata punguzo dukani, mjomba akamtumia cheki ya dola 400, jamaa akanunua, akajaza kuwa yeye ndo mnunuzi halisi. Afu akaenda kuihamisha kwa mjomba kihalali kabisa, kwa dila wa Pennsylvania, mjomba akachekiwa rekodi akapita safi. Wote wawili wanaruhusiwa kumiliki, hakuna mhalifu hapo, na bado alitiwa hatiani na mahakama ikasema hukumu ibaki, majaji watano kwa wanne. Kosa lilikuwa lile jibu moja kwenye fomu.

Na huyo alikuwa raia. Toka 2022 kuna sheria mpya inayohusu kununulia mtu mwingine asiyeruhusiwa, kifungo mpaka miaka 15, na kama mnunuzi alijua au alikuwa na sababu ya kuamini silaha itatumika kwenye uhalifu mkubwa inapanda mpaka 25. Zawadi ni kitu kingine, binamu akitoa hela yake mwenyewe kwa moyo wake akununulie zawadi inaruhusiwa, ila hela ikitoka kwako hiyo sio zawadi hata mkiiita hivyo.

Sasa kwetu sisi tusio raia. Raia akifanya kosa la silaha anafungwa anatoka anarudi nyumbani kwake. Wewe wa grinkadi kosa la silaha lipo kwenye orodha ya makosa ya kukudipoti, hata kama umekaa hapa miaka ishirini, una nyumba na watoto wamezaliwa hapa. Ndo maana nawaambia fomu ya 4473 msiijaze kama fomu ya kujiunga na jimu.

Sehemu nyingine ya kuangalia sana ni ya uraia. Kuna kisanduku cha Marekani na pembeni kuna cha nchi nyingine unaandika jina la nchi. Nimeona watu wetu kwa haraka haraka wanaweka tiki Marekani, sababu ndo wanapoishi, au mke wake ni raia, au ameshatuma maombi ya uraia akaona ni kama tayari. USIWEKE. Kudai kuwa wewe ni raia wakati sio ni kosa la uhamiaji lenyewe kama lenyewe, linaweza kukufungia mlango wa uraia na kukutoa nchini, na haitasaidia kusema ulikuwa na haraka. Andika Tanzania. Ukikosea kwenye fomu kabla ya kusaini mwambie mtu wa kaunta, atakupa fomu mpya, hakuna anayekasirika.

Mengine ya haraka. Majina andika yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, usifupishe, na kama huna jina la katikati kuna herufi za kuandika hapo, usiache wazi. Kwa watu wenye majina kama Ali, Hassan, Mohamed, Juma, mnafanana na watu wengi sana kwenye kompyuta za FBI na mnaweza kuambiwa subiri bila kosa lolote. Namba ya soshosekuriti kwenye fomu sio lazima lakini iweke, inasaidia wasikuchanganye na mtu mwingine. Na kama kila ukinunua wanakusubirisha, unaweza kuomba FBI wakupe namba yako maalumu ya utambulisho, unaiandika kwenye fomu na usumbufu unapungua.

Swali kuhusu bangi pia. Fomu yenyewe imeandika kabisa kwamba bangi hata kama jimbo lako limeiruhusu, kwa serikali kuu bado ni haramu. Usije ukatoka Colorado na mazoea ya huko. Na aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mke, au mwenye amri ya mahakama ya kumkataza kumtishia au kumsumbua mwenza wake, asijaribu, atakataliwa, na toka 2022 mtu akikataliwa taarifa inaenda polisi wa eneo ndani ya masaa 24.

Lubumbashi_Iowa

Ndugu Kaunta asante sana kwa maelezo. Mimi niko na swali ya mdogo wangu, yeye anasoma hapa kwa viza ya F-1, hana grinkadi. Anapenda sana kwenda na rafiki zake kupiga shabaha na anataka kununua yake. Inawezekana?

Kaunta_FortWorth

Ndugu yangu, wa viza ya muda kama F-1, viza ya utalii, za kazi za muda, kawaida hawaruhusiwi, na sio kununua tu, hata kuishika au kuwa na risasi ni kosa. Kuna milango michache, unaosikika zaidi ni ule wa leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, na hiyo leseni lazima aende nayo dukani iandikwe kwenye fomu. Ikiisha muda wake na ruhusa imeisha. Hilo la kwenda rinji (uwanja wa shabaha) na rafiki zake bila leseni ya uwindaji namshauri asimame kwanza aongee na wakili wa uhamiaji. Wanafunzi wetu wengi wanafikiri bunduki ya kukodi rinji haihesabiki. Inahesabika.

Nesi_Dallas

Naomba na mimi niseme. Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi ni nesi wa zamu za usiku kitengo cha dharura, na kaka Mwana_Kigoma nakuuliza kama dada yako, watoto wana umri gani? Na shemeji yeye ana karatasi gani za kukaa hapa?

Naanza na karatasi. Kama wewe una grinkadi lakini mwenzio bado yupo kwa viza ya muda, au viza yake imekwisha, basi yeye haruhusiwi kuwa na silaha. Na ukiondoka na lori lako ukamwachia funguo ya kabati, kisheria ni kama umemkabidhi. Familia zetu nyingi ziko hivyo, mmoja ana grinkadi mwingine karatasi ziko njiani, kwahiyo hili ni la kuuliza kabla ya kitu kingine chochote.

Watoto sasa. Dila anatakiwa kisheria akupe kufuli au kitu cha kuifungia pamoja na bastola, lakini hicho kijikufuli cha waya ni cha kuanzia tu. Nunua sefu ndogo ile ya kufunguka kwa namba au kidole, ifungwe kwenye fremu ya kitanda au ukutani, ili watoto hata wakiijua ilipo wasiweze kuitoa. Kuificha juu ya kabati au chini ya magodoro sio kuhifadhi. Mtoto wa miaka minne anapanda kiti. Texas pia ni kosa lako mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha bila kuifungia.

Na la mwisho ambalo kwetu hatupendi kulitaja. Zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki hapa Marekani wamejiua wenyewe. Tunanunua tukimuwaza mwizi, lakini anayeletwa kwetu usiku mara nyingi ni mtu wa nyumba hiyo hiyo. Upweke wa huku mnaujua, kazi mbili, mke mbali, habari za msiba wa nyumbani unazipata kwa WhatsApp. Kama kuna mtu ndani ya nyumba anapitia kipindi kigumu, silaha isiwepo kwanza. Kuna ndugu watakubali kukutunzia au dila, uliza. Na mtu akiwa na mawazo hayo simu ni 988, usiku na mchana, bure.

Mwana_Kigoma

Dada Nesi marahaba, na nimekuelewa sana. Mke wangu ana grinkadi, tulikuja pamoja. Watoto wana miaka saba na minne, kwahiyo sefu inatangulia, naagiza hata kabla ya bastola. Binamu nimempigia, mwanzo alinuna akasema mimi simwamini, nikamsomea hiyo kesi ya mjomba na mpwa wake, akanyamaza afu akasema kumbe.

Maswali mawili ya mwisho. Baba yangu kijijini amekuwa akiniomba nimtafutie bunduki nzuri, gobore lake la kulindia shamba limechoka, nyani na ngiri wanammaliza mahindi. Kuna mtu kaniambia unaweza kuifungua vipande ukaweka kwenye kontena la magari. La pili, ile Glock ikifika na kasoro nafanyaje?

Mwanza_Ohio

Mkuu la mzee wako nakujibu mimi. Achana na hayo mambo ya kontena kabisa kabisa, na aliyekuambia usimsikilize tena. Kutoa silaha Marekani kwenda nje bila leseni ya serikali kuu ni kosa la jinai, vipande navyo ni hivyo hivyo, na upande wa pili Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha isiyo na kibali ikikamatwa bandarini Dar anayeitwa ni yule ambaye jina lake lipo kwenye karatasi za mzigo, yaani mzee wako au ndugu uliyemtuma akapokee. Mtamfunga mzee wa watu kwa ajili ya nyani. Aende polisi wilayani aulize utaratibu wa kuomba kibali cha kumiliki, ndo njia, hata kama inachukua muda. Wewe kama unataka kumsaidia tuma hela ya kulipa vijana wa kulinda shamba msimu wa mahindi.

Na wewe dereva mwenzangu, bastola ibaki nyumbani kama ulivyosema. Usije siku moja ukaichukua eti njia ya usiku ni mbaya. Texas sasa hivi mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea anayeruhusiwa kumiliki anaweza kubeba bila leseni, ni toka Septemba 2021, na tunazoea. Ukivuka ukafika New York au New Jersey na mzigo, hiyo ya Texas haikusaidii kitu. Kuna sheria ya 1986 inayokulinda ukiwa unapita tu, silaha haina risasi, imefungwa, huifikii ulipokaa, na unakotoka na unakokwenda kote unaruhusiwa, lakini kwenye lori ambalo unalala humo humo na unashusha mzigo jimbo hilo hilo usitegemee kinga hiyo. Na makampuni mengi yanakataza kabisa, wakikukuta nayo kazi imekwisha.

Kaunta_FortWorth

Asante Mwanza_Ohio, umemaliza.

Kuhusu kasoro. Bastola ikifika, usikimbilie kujaza fomu. Mwombe mtu wa kaunta akuoneshe kwanza, yeye ataitoa na kuhakikisha haina risasi. Linganisha siriali namba na ile ya kwenye tangazo, kwenye Glock ipo kwenye kifremu chini ya mtutu, kwenye mtutu wenyewe na kwenye slaidi. Zote tatu zifanane, zisipofanana uliza kwa nini kabla hujaenda mbele, inaweza kuwa mtu alibadili mtutu tu na inaweza kuwa sio. Namba ikiwa imekwanguliwa hata kidogo usiiguse, dila anajua cha kufanya. Angalia ndani ya mtutu kama kuna kutu, vuta slaidi uone inarudi vizuri, uliza kama magazini ulizoahidiwa zipo. Usipoipenda kataa hapo hapo, bado haijahama, dila anaweza kuirudisha kwa muuzaji (utalipia usafiri na pengine chaji ya dila) na unadai hela yako kupitia mtandao uliponunulia. Ukishasaini na kuondoka nayo muuzaji hana tena haja ya kukusikiliza, unabaki wewe na kiwanda.

Muuzaji akikuambia umtumie hela kwa Zelle au CashApp au kripto nje ya mtandao ili akupunguzie, acha. Zipo pia websaiti nzima za uongo, picha zimeibiwa kwa maduka ya kweli, bei nusu, wanakuambia wanaleta mpaka mlangoni bila dila. Hakuna duka halali linalofanya hivyo, hao ni matapeli au ni mtego, vyote viwili vibaya kwako. Dila yeyote usiyemjua unaweza kuhakiki leseni yake bure kwenye tovuti ya ATF, unahitaji tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba ya leseni.

Na FBI wakikuambia subiri usipaniki. Kwa sheria ya serikali kuu zikipita siku tatu za kazi bila jibu dila ANARUHUSIWA kukupa, halazimishwi. Dukani kwetu tunasubiri mpaka jibu lije. Yule muuaji wa kanisani Charleston 2015, watu tisa, alipata bastola yake kwa njia hiyo hiyo, siku tatu zilipita jibu halijaja. Kwahiyo ukikuta dila wako nae anasubiri, mvumilie. Uchekiwaji wenyewe unadumu siku 30, zikipita hujachukua unajaza upya.

Mwana_Kigoma

Nimempata dila hapa hapa Houston, anapokea kutoka kwa mtu binafsi, chaji dola 30, anahifadhi wiki mbili bila kulipia na anataka muuzaji aweke nakala ya kitambulisho chake ndani ya kifurushi. Namba ya leseni nimeihakiki ATF ipo. Leseni ya udereva nimeshaomba mpya, nasubiri ifike kwa posta ndo niagize, na kama Glock ya Tennessee itakuwa imeshauzwa basi nitatafuta nyingine. Mke nimemwandikisha darasa la mwezi ujao.